Baiskeli ya umeme ya milimani haipimwi kwa wati

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie baiskeli za umeme za milimani. Matangazo yake yamejaa siku hizi, na karibu yote yanataja namba mbili tu: wati za mota na kilomita ambazo betri itakufikisha. Hizo ndizo namba zinazomsaidia mnunuzi kidogo kuliko zote. Ya kwanza ni namba ya sheria kuliko ya ufundi, na ya pili ni ya kubahatisha. Anayenunua kwa kuzifuata huishia na chombo chenye mota kali, breki hafifu na mnyororo usiomaliza msimu.

Wati kwanza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli, si pikipiki, ikiwa mota yake imeandikishwa kwa wati zisizozidi 250, inasaidia pale tu mpandaji anaponyonga, na inakata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa. Huko Marekani majimbo mengi huruhusu hadi wati 750, na baiskeli za daraja la kwanza (zinazosaidia mpandaji anaponyonga tu) hukata kwenye maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Sasa, zile 250 ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kupata joto la kuidhuru. Kwenye mpando mfupi mota hiyohiyo hutoa mara mbili yake na zaidi. Mota ya Bosch Performance Line CX ya kizazi cha nne imeandikwa wati 250 na hufikia 600. Avinox ya DJI, iliyotoka mwaka 2024, nayo imeandikwa 250 na hupita 800. Kwa karatasi ni mapacha. Mlimani hata binamu si sana.

Kinachopandisha gurudumu juu ya jiwe ni msokoto, unaopimwa kwa nyutoni-mita. Shimano EP8 ina 85, Avinox 105, na TQ HPR50, ambayo ni mota nyepesi, ina 50. Hiyo 50 si dosari. Mota nyepesi na betri ndogo huleta baiskeli ya kilo 16 hadi 19, ambayo mtu ataibeba begani kuvuka mti ulioanguka na kuirusha juu ya mizizi bila kuikazania. Yenye mota kamili huwa kilo 22 hadi 26. Mwenye miguu iliyozoea milima na asiyependa kuvutwa achukue nyepesi. Anayetaka kupanda mara tatu ili ateremke mara tatu achukue nzito, akubali uzito wake.

Swali linalofuata ni mota imekaa wapi. Zilizotengenezwa kwa kazi ya mlima huiweka katikati, penye krenki, yaani mikono inayoshika pedali. Nyingi za bei nafuu huiweka ndani ya habu, yaani kitovu, cha gurudumu la nyuma. Mota ya katikati husukuma kupitia mnyororo na gia, kwa hiyo ukishusha gia nayo hupata wepesi uleule unaoupata mguu, ikaendelea kuzunguka kwa mwendo inaoupenda hata gurudumu likiwa linatambaa. Mota ya habu haina gia ya kushusha. Mpando ukiwa mkali gurudumu huenda polepole, mota nayo huenda polepole, na umeme ulioshindwa kuwa mwendo unakuwa joto, mpaka mota ijikate au iungue katikati ya mlima. Tena uzito wake uko kwenye gurudumu lenyewe, na shokamzoba ya nyuma hupata kazi kulirudisha ardhini baada ya kila jiwe. Kwa barabara tambarare mota ya habu ni nzuri kabisa: kimya, rahisi, haichoshi mnyororo. Tatizo ni kuipeleka isikostahili.

Papo hapo uliza kama mota inahisi nguvu ya mguu au inahisi tu kwamba pedali zinazunguka. Ya aina ya pili huchelewa kidogo, kisha husukuma kwa kishindo, na huendelea kusukuma baada ya mguu kutulia. Kwenye kona nyembamba kando ya korongo hilo ni jambo baya. Kuipima ni rahisi. Simama mguu mmoja chini, bana breki zote mbili, kanyaga pedali taratibu kwa mguu mwingine. Inayohisi nguvu utaisikia ikivuta dhidi ya breki kadiri unavyozidi kukanyaga. Isiyohisi itakaa kimya mpaka pedali izunguke.

Nije kwenye kilomita. Mlimani hesabu ya maana ni ya mwinuko. Betri hupimwa kwa wati-saa, yaani volti mara ampea-saa: volti 36 na ampea-saa 14 ni wati-saa 504. Chukua mpandaji, baiskeli na begi vyenye jumla ya kilo 100. Kuviinua mita 1,000 kunadai wati-saa 272, na deni hilo halina punguzo. Miguu ikilipa theluthi moja, mota inabakiwa na kama 181. Na kwa kuwa karibu robo ya umeme hupotea njiani kama joto, betri itatoa 240 hivi. Hapo hujahesabu tope, mchanga, matairi laini wala kila mara unapoanza upya kutoka kusimama. Kwa betri ya 500 nisingepanga kupanda zaidi ya mita 1,500 kwa siku, na kwa msaada wa juu kabisa muda wote ningepunguza hata hizo. Anayetangaza kilomita 150 alipima kwenye tambarare, msaada ukiwa wa chini, na bila shaka upepo ulikuwa mgongoni.

Breki ndizo zinazonifanya niandike barua hii. Kuteremka mita 500 ukiwa na jumla ya kilo 100 kunazalisha joto la kutosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji yaliyokuwa baridi. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi. Sehemu kubwa huingia kwenye sahani za breki, mbili nyembamba za chuma. Kwa baiskeli ya kilo 24, sahani ya mbele isiwe chini ya milimita 200, na kalipa, kile kifaa kinachobana sahani, iwe ya pistoni nne. Baiskeli nyingi za bei ya chini huja na sahani za milimita 180 na pistoni mbili, na muuzaji hataligusia. Kubadilisha sahani kunahitaji adapta ya kuinua kalipa, na kwanza usome kwenye uma wa mbele kipimo cha juu unachoruhusu.

Pedi, vile vipande vinavyosugua sahani, ni za aina mbili. Za utomvu huuma mapema, hazipigi kelele, lakini huisha upesi na hulegea zikipata joto. Za chuma hustahimili joto na tope, na ndizo za baiskeli nzito. Angalia maandishi kwenye sahani: baadhi zimeandikwa kwamba ni za pedi za utomvu tu, na ukizifungia pedi za chuma zitalika kama jibini. Sahani mpya za Shimano huwa na unene wa milimita 1.8, na zikifika 1.5 ni za kutupa. Pedi mpya zisipofundishwa hazishiki. Tafuta mteremko mpole, fika mwendo wa kilomita 20 kwa saa, bana breki moja mpaka mwendo wa mtu anayetembea bila kulifunga gurudumu wala kusimama kabisa, achia. Rudia mara 20 hadi 30, kisha uende kwenye breki nyingine. Anayeruka hatua hii hulalamika wiki ya kwanza kwamba breki zinalia na hazina nguvu. Na mafuta ya breki hayabadilishani: mfumo wa mafuta ya madini ukitiwa DOT, aina nyingine ya mafuta ya breki, au kinyume chake, mipira ya ndani huvimba na mkono wa breki haurudi. Aina iliyotakiwa imeandikwa kwenye mkono wenyewe au kwenye kifuniko cha tangi lake. Tone moja la mafuta ya mnyororo likifika kwenye pedi, pedi hizo zimekwisha. Kuzichoma kwa moto jikoni ni kujidanganya.

Matairi hayana mengi. Yawe na upana wa inchi 2.4 hadi 2.6, yenye kuta nene, hasa la nyuma, kwa kuwa mota na uzito hulibana tairi jembamba juu ya jiwe mpaka rimu ipate pengo. Yasiyo na tyubu ni bora. Tia mililita 100 za maji ya kuziba pancha kwa kila tairi la inchi 29 na uangalie kila baada ya miezi mitatu, maana hukauka. Kwa mpandaji wa kilo 75 anza na presha ya bar 1.5 mbele na 1.7 nyuma, kisha punguza au ongeza kidogo kidogo. Shokamzoba nayo ipimwe ukiwa umepanda na begi lako: ya nyuma izame asilimia 25 hadi 30 ya urefu wake, ya mbele kama 20.

Mnyororo ndio unaolia zaidi. Mguu wa mtu mwenye afya hutoa wati 100 hadi 200 kwa muda mrefu. Mota ya katikati huongeza mamia juu yake, na zote hupita kwenye pini zilezile. Pini zikilika mnyororo hurefuka, nao mnyororo mrefu hula meno ya kaseti, lile fungu la gia za gurudumu la nyuma. Mnyororo wa gia 11 au 12 ubadilishwe ukirefuka asilimia 0.5. Asiye na kipimo atumie rula ya chuma: pini 25 zinazofuatana, kutoka kati ya ya kwanza hadi kati ya ya mwisho, ni milimita 304.8 mnyororo ukiwa mpya. Ukipita 306 na kidogo, ununue mwingine. Ukiuachia ufike asilimia 1 utanunua na kaseti, na kaseti ni ghali kuliko minyororo kadhaa. Futa mnyororo kwa kitambaa kila baada ya safari, tia tone moja kwa kila kiungo, subiri, futa yanayozidi. Mafuta yanayong'aa nje hayalainishi kitu; hukamata vumbi na kuwa msasa.

Lakini minyororo mingi haifi kwa uzee. Hukatika kwa gia iliyobadilishwa wakati mota inasukuma kwa nguvu zote. Kiungo kinapopanda kutoka jino moja kwenda jingine kinasimama kwa upande kwa kitambo, na hapo ndipo nguvu hukikuta. Dawa iko mguuni: punguza kukanyaga kwa nusu mzunguko, bonyeza gia moja, kisha endelea. Mota inayohisi nguvu itapunguza pamoja nawe. Ukisikia mlio wa kuvunjika kwa kuni, umechelewa kupunguza. Badilisha gia kabla ya mpando, si ndani yake, na usirukie gia tatu kwa mpigo. Mwenye kupanda kwa gia nzito huku mota ikimbeba anaona ni mwepesi, kumbe anakausha betri na kuchemsha mota: mota nyingi za katikati hufanya kazi vizuri pedali zikizunguka mara 70 hadi 90 kwa dakika, na chini ya 60 hutoa joto jingi kwa kazi kidogo.

Kuanzia kwenye mpando mkali ndiko kunakowashinda wengi wanaotoka kwenye baiskeli za kawaida. Kosa ni kuweka msaada wa juu kabisa, kukanyaga kwa hasira, na gurudumu la mbele kuinuka au la nyuma kuchimba. Weka msaada wa kati au ule unaojirekebisha kwa nguvu ya mguu. Chagua gia nyepesi kabla ya kusimama, si baada. Shusha kiti kidogo, kaa kwenye ncha yake, shusha kifua na viwiko, weka pedali ya mbele juu kidogo ya ulalo wa ardhi, achia breki na ukanyage kwa ulaini kama unayejaribu kutomwaga maji. Pakiwa na mizizi au mawe, usizungushe pedali mzunguko mzima. Nyonga robo mbele, rudisha nyuma, nyonga tena, maana pedali inayogonga jiwe wakati mota inasukuma humtupa mtu pembeni. Kwa sababu hiyo baiskeli hizi huja na krenki fupi, milimita 160 au 165. Ukikuta ya 175 kwenye baiskeli ya umeme ya milimani, aliyeipanga hakuipanda. Mota kadhaa zina tabia ya kuendelea kusukuma kwa kitambo baada ya mguu kutulia. Aliyeijua huitumia makusudi kuvuka ngazi ya jiwe pedali zikiwa zimelala.

Kuteremka, uzito ule ulioudharau kwenye mpando unakudai. Anza kubana mapema kuliko ulivyozoea, kabla ya kona, breki zote mbili, kidole kimoja kila upande. Bana kwa nguvu kisha achia kabisa, sahani zipoe. Kuziburuta kidogo kidogo kilomita nzima ndiko kunakozichemsha mpaka mkono wa breki unafika kwenye usukani. Usilifunge gurudumu la nyuma. Linachimba mfereji, mvua ikinyesha mfereji unakuwa mto, na wasiotaka kabisa baiskeli za umeme kwenye njia za msituni hupata hoja. Anayeteremka humpisha anayepanda, na wote wawili huwapisha watembea kwa miguu na farasi. Mota isiyo na sauti humfikia mtu mgongoni ghafla, kwa hiyo piga kengele mapema.

Kuhusu maji watu hudanganyika. Baiskeli hizi zimejengwa kustahimili mvua na kurushiwa tope, si kuzamishwa. Kijito cha kina cha nusu gurudumu hupita kwa kubeba, si kwa kupanda. Bomba la maji ya msukumo mkubwa hupenyeza maji kupitia mihuri ya beringi, penye maungio ya fremu na penye krenki, nayo hukaa humo yakila chuma kimyakimya. Ndoo, brashi laini na sabuni vinatosha. Toa betri kwanza, funika tundu lake, kausha viunganishi kabla ya kuirudisha. Msaada ukikatika ghafla ukiwa njiani, kabla ya kumlaumu aliyeitengeneza tazama sumaku ndogo ya kuhesabia mwendo kwenye gurudumu la nyuma. Ikisogea au kuanguka, mota haijui kasi yako na hugoma.

Baada ya kilomita 100 za kwanza kaza kila kitu: spoki, boliti za maungio ya fremu, boliti za sahani, ekseli, usukani. Tumia spana yenye kipimo cha msokoto, kwa namba zilizochapwa kwenye kifaa chenyewe. Boliti za usukani mara nyingi ni nyutoni-mita 5, na mkono wenye shauku huzipita bila kujua.

Anayenunua iliyotumika aombe karatasi ya uchunguzi kutoka kwa fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji wa mota: mizunguko kamili ya kuchaji, uwezo uliobaki wa betri, kilomita za mota. Betri yenye mizunguko 500 si mbovu, lakini bei iakisi hivyo. Kwa Bosch udhamini wa betri huishia miaka 2 au mizunguko 500, kipi kitangulie. Pima fremu kwa tochi karibu na mahali mota ilipofungwa na kwenye maungio ya mkono wa nyuma, utafute nyufa za nywele chini ya rangi. Mgongano mwepesi ndani ya mota ya Bosch CX ya kizazi cha nne unapoteremka bila kunyonga ni wa kawaida. Mkwaruzo unaosikika unaponyonga si wa kawaida. Uliza pia kama kikomo cha kasi kiliwahi kuondolewa. Hilo hufuta udhamini, huigeuza baiskeli kuwa pikipiki mbele ya sheria za Ulaya, na baadhi ya mifumo hugundua na kujifunga mpaka fundi aliyeidhinishwa aifungue.

Betri, mwisho. Nunua iliyothibitishwa kwa viwango vya usalama vya EN 50604-1 au UL 2271, na mfumo mzima wa umeme kwa UL 2849 pale kiwango hicho kinapotumika. Iliyofunguliwa na kuongezwa seli mtaani usiilaze ndani ya nyumba. Tumia chaja yake tu: betri ya volti 36 hujaa kwa volti 42, ya volti 48 kwa 54.6, na plagi zinaweza kuingiliana huku volti zikitofautiana. Usichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Isubiri ipate joto la chumba. Ikitoka kwenye jua kali au mteremko mrefu isubiri ipoe. Kwa kukaa wiki kadhaa iache kati ya asilimia 30 na 60, mahali pakavu, mbali na mlango wa kutokea. Iliyoanguka kwa nguvu, iliyovimba au inayotoa harufu tamu ya kemikali itolewe nje mara moja, haichajiwi tena. Na kwa wanaopanga kusafiri nayo: mashirika ya ndege hayapokei kwenye ndege ya abiria betri inayozidi wati-saa 160, na za baiskeli hizi hupita hapo kwa mbali. Panga kukodisha utakakofika.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti likipokea tangazo la baiskeli ya aina hii, idara ya matangazo imwombe muuzaji aandike nyutoni-mita, wati-saa, uzito kamili na kipenyo cha sahani za breki. Asiyezijua namba hizo nne hajui anachouza.

Wako,
Fundi baiskeli